Patrick Balisidya Hakuishia Kwenye "Harusi"

Hapa Mwananyamala tunamjua Patrick Balisidya kwa wimbo mmoja. Jumamosi usiku maharusi wanaingia ukumbini, "Harusi" inapigwa, kina mama wanashangilia kwa vigelegele, na kumbukumbu yetu juu ya kiongozi wa Afro 70 inakomea hapo. Kwa mwanamuziki aliyefariki mwaka 2004 akiwa amefika mbali kiasi kile, naona hiyo ni dhuluma.

Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Miaka miwili baadaye, Balisidya akiwa Sweden, ilitoka santuri iitwayo "Bado Kidogo", yenye majina mawili juu yake: Archimedes Badkar na Afro 70. Hao wa kwanza, ambao jina lao maana yake ni bafu la Archimedes, hawakuwa bendi ya dansi. Walikuwa vijana wa Kiswidi waliotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1975, wakiuchezea muziki wa roki kama mtu anayefanya majaribio: sauti moja inashikiliwa kwa muda mrefu, ngoma zinaingia taratibu, saksafoni inatangatanga, mara unasikia India, mara Afrika. Msikilizaji aliyezoea ubeti na kiitikio angeuliza wimbo unaanza lini.

Watu hao ndio waliokaa na Mtanzania huyu kurekodi, na jina la kazi yao likawa la Kiswahili. Wapo watakaosema alikwenda Ulaya kutafuta maisha tu. Sikubaliani nao. Jina la bendi yake limewekwa pamoja na la wenyeji, na wenyeji hao walikuwa na mengi ya kujifunza kutoka kwenye gitaa la dansi la Dar es Salaam. Tunaposimulia uhusiano wetu na Sweden, tunataja umeme wa Kidatu na misaada ya enzi za ujamaa. Santuri haitajwi, labda kwa kuwa haikuwa na mkataba wa serikali.

Kiini cha tatizo, ndugu msomaji, ni namna tulivyofundishwa kusikiliza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu kwa wingi, na bila kazi hiyo tusingekuwa na historia ya dansi ya kuzungumzia. Lakini tangu wakati huo wimbo mzuri kwetu ni wenye ujumbe. Mwulize mwanafunzi wangu yeyote juu ya wimbo, atakupa dhamira, maudhui na mafunzo kama anayejibu mtihani wa fasihi wa kidato cha nne. Mwulize gitaa la besi linafanya nini, atanyamaza. Muziki unaofikiri kwa sauti badala ya maneno hauna alama katika mtihani huo.

Kosa hilo tunaendelea kulifanya. Kutoka hapa hadi Mburahati si mbali, na huko ndiko iliko studio ya Sisso, ambako vijana wanatengeneza singeli yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao katika albamu ya "Sounds of Sisso", na Ulaya ikawasikiliza kama wavumbuzi. Huku nyumbani bado kuna wazee wenzangu (nimeshavuka arobaini, naruhusiwa kujiita hivyo) wanaouita muziki huo uhuni, bila kuusikiliza hata dakika tano. Mashairi ya baadhi ya singeli ni machafu, sikatai. Ila mashairi na ufundi wa mapigo ni mambo mawili tofauti.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. TBC, iliyorithi kanda za Redio Tanzania, itoe orodha kamili ya kanda hizo kwa umma. Maktaba Kuu ya Taifa iwe na chumba cha kusikilizia, na "Bado Kidogo" iwemo, ili kijana wa Mwananyamala aweze kuisikiliza kwa nauli ya daladala badala ya kumbembeleza mkusanyaji wa santuri wa Ulaya.