Genereta Ipo, Lakini Itawaka?

Kama una duka hapa Pioneer, Eldoret, hii unaijua: mteja ameshapakiwa unga na mafuta, analipa kwa simu, na pesa inakwama. Simu yako iko sawa, mtandao pia. Kumbe jengo zinamokaa kompyuta za malipo, yaani kituo cha data, limezimika. Anayeumia ni wewe: umpe vitu kwa imani, ama uvirudishe kwenye rafu.

Majengo haya hupangwa kwa ngazi nne na Uptime Institute ya Marekani. Ngazi ya 1 ina genereta na mitambo ya kupoza hewa, lakini haina spea. Fundi akija, kazi inasimama. Ngazi ya 2 ina spea, ila stima bado inapita njia moja. Ngazi ya 3 ina njia mbili. Moja ikitengenezwa, nyingine inabeba kazi. Ngazi ya 4 huendelea hata kitu kikiharibika ghafla. Kwa hesabu inayotumika sana, ngazi ya 1 hukadiriwa kuzimika saa 28.8 kwa mwaka, ya 3 saa 1.6, na ya 4 dakika 26 hivi.

Maoni yetu: usidanganywe na namba pekee. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na magenereta, lakini moja likakataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Ndiyo maana Uptime hutoa cheti cha michoro, na kingine tofauti cha jengo lililokamilika na kujaribiwa. Cheti cha michoro ni ahadi tu. Na jengo liwe la kampuni yenyewe au la kupanga pamoja na wengine, kipimo ni kilekile.

Basi uliza kampuni yoyote ya malipo, sisi tukiwemo: Cheti chenu ni cha michoro au cha jengo? Genereta ilijaribiwa lini na mzigo wote? Jengo likizimika, kuna lingine mji mwingine la kupokea kazi?

Ukimkopesha mteja unga kwa sababu sistimu imelala, umebeba hatari ambayo ni yetu. Una haki ya kujibiwa. Kwa sasa, pesa ikikwama, mwambie mteja aangalie salio kwanza kabla ya kutuma mara ya pili.