Chai ya saa kumi na mwenzetu aliyekosa kuja



Kila siku ya nne, masomo yakiisha na soko likianza kupoa, sisi wamama sita wa avenue moja hapa Bukavu tunakutana kunywa chai. Mmoja analeta termosi, mwingine tangawizi, mwingine mandazi ya moto. Watoto wadogo tunawalaza kwenye kikwembe chini ya mparachichi. Ni saa moja tu, lakini kwetu sisi tunaoamka mbele ya wote na kulala nyuma ya wote, saa hiyo ni dawa.

Siku moja mwenzetu mwenye mtoto wa miezi mine alifika amevaa robo yake ya zamani. Ilikuwa inamkaza. Mmoja wetu akamuuliza: « Mama, mtoto alitoka kweli, ao kulibakia mwingine? » Sote tukacheka. Yeye pia alicheka. Juma lililofuata hakuja. La pili hakuja. Tukasema, labda ana kazi nyingi.

Juma la tatu tulisikia kwamba alianguka njiani akitoka kuchota maji. Tukaenda kumuona. Hapo akatuambia ukweli: tangu siku ile aliacha kula asubuhi na mchana, akawa anakunywa chai kavu tu, ili kiuno kirudi. Na huku mtoto ananyonya usiku na mchana! Siku hiyo hakuna aliyecheka. Chai ambayo ingemtia nguvu, sisi tuliigeuza kuwa adhabu.

Tulimsindikiza kwenye kituo cha afya, na pale sote tulijifunza. Mama anayenyonyesha anapaswa kuongeza chakula, si kupunguza. Mwili uliobeba mimba miezi tisa hauwezi kurudi kwa majuma machache. Tena, chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kupata vizuri madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe na lengalenga, yale yanayosaidia kutengeneza damu. Basi tunywe chai mbali na chakula, angalau saa moja. Kumbe saa kumi yetu ni saa nzuri!

Tuliporudi, tulipanga upya meza yetu.

Kwanza sukari. Tulikuwa tunatia vijiko vine kwa kila kikombe. Kijiko kidogo kina karibu gramu 4. Vikombe viwili vinafikisha gramu 32. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima asipite karibu gramu 50 za sukari kwa siku, na ni vizuri zaidi akibaki chini ya 25. Hatukukata mara moja. Tulipunguza nusu kijiko kila juma, tukaongeza tangawizi. Leo kijiko kimoja kinatutosha.

Pili mandazi. Hatukuyafukuza. Kila mmoja anakula moja, kisha tunakula parachichi, ndizi mbivu ao karanga za kukaanga. Hata mfuko umepata nafuu.

Tatu kutembea. Chai ikiisha, tunashuka mlima pamoja na kuupanda tena, watoto mgongoni, nusu saa. Siku zingine tunaacha pikipiki kwa safari fupi. Dakika 30 kwa siku tano zinafika 150, kipimo ambacho OMS inakishauri kwa juma. Mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa aulize kwanza kwa muuguzi.

La ine ndilo kubwa: kwenye chai yetu hakuna anayesema mwili wa mwenzake. Si « umenenepa », si « umekonda, bwana hakupi chakula? » Tunaulizana: « Ulilala? Ulikula leo? » Mwanzoni ilikuwa ngumu, maana tumezoea kusalimiana hivyo tangu utoto. Lakini yule aliyesema neno lile ndiye wa kwanza aliyeomba msamaha, na sisi tuliocheka tukamfuata.

Mwenzetu alirudi. Kiuno hakijarudi, lakini kizunguzungu kilikwisha. Robo ile fundi aliiongeza kitambaa pembeni, na inampendeza. Siku ya nne iliyopita ndiye aliyeleta maparachichi, na mtoto wake alijaribu kukaa peke yake. Tulimpigia makofi mpaka akaanguka kwa kicheko.

Wamama, angalieni kwenye kikundi chenu. Ni nani hajaonekana juma hili? Msingoje juma la tatu kama sisi. Mfuateni, mkiwa na termosi mkononi, na maneno mazuri mdomoni.

Tuonane juma lijalo.