Mastaa, Usanifu Si Usanii! Chuoni Hakufundishwi Kuchagua Mapazia

Wiki hii mtandaoni hapakukalika. Staa mmoja wa kike wa hapa mjini, ambaye zamani alijulikana kwa filamu na siku hizi anajulikana zaidi kwa sebule yake, aliingia laivu kutangaza darasa lake la siku tatu la kupendezesha nyumba. Siku tatu hotelini, chai na sambusa, picha na staa mwenyewe, cheti chenye muhuri wa dhahabu, na ukitoka hapo wewe ni "intiria dizaina" kamili. Hadi hapo hakuna ubaya, kila mtu na riziki yake. Ubaya ulianza alipoongeza kwamba vijana wanaokwenda chuo kusomea fani hiyo wanapoteza muda na ada za wazazi wao. "Kwani mnafundishwa nini kule zaidi ya kuchagua mapazia?"

Mashabiki wakacheka, emoji za moto zikamiminika. Wanafunzi wawili watatu wakajitokeza kujibu, wakachambwa mpaka wakafuta komenti zao. Mmoja hakufuta. Hakutukana wala hakulialia. Chini ya klipu ya jiko ambalo staa huyo alikuwa ametoka kumkabidhi mteja, aliuliza swali moja tu: "Dada, mtungi wa gesi umeuficha kwenye kabati lisilo na tundu hata moja. Gesi ikivuja, itatokea wapi?"

Dakika chache baadaye akawa ameblokiwa.

Sasa, ukitaka kujua chuoni wanafundishwa nini, anza na swali hilo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea dirishani, inashuka na kutulia chini. Ukiifungia kwenye kabati zuri la rangi ya krimu, lililobana kila upande, inajikusanya humo kimya kimya ikisubiri cheche. Na kwenye klipu ile ile, pembeni ya kabati kuna soketi ya friji. Watu maelfu walitazama lile jiko wakaona uzuri. Mtu mmoja alitazama akaona hatari. Tofauti ya macho yale na haya ndiyo inayolipiwa ada.

KABLA, BAADA, NA BAADA YA BAADA

Mastaa wa fani hii wanaishi kwa video za "kabla" na "baada". Kabla: sebule chafu, ukuta umebabuka. Baada: jipsamu ya ngazi tatu, taa za bluu pembeni, zulia la manyoya, mwenye nyumba analia kwa furaha. Muziki, mwisho wa klipu.

Kinachokosekana ni "baada ya baada". Miezi sita mbele, masika yakishapita na unyevu wa Dar ukishafanya kazi yake, ile jipsamu ya bafuni imeota madoa meusi ya ukungu. Makabati ya MDF chini ya sinki yamevimba kama andazi kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba sinki huvuja. Marumaru yanayong'aa kama kioo, yaliyowekwa mpaka bafuni, yamemdondosha bibi mwenye nyumba mara mbili. Taa nyeupe za chumbani zinaumiza macho usiku kama za wodini. Hakuna anayeposti hiyo. Mwenye nyumba naye ananyamaza, kwa sababu alishaposti akijisifu na anaona aibu kurudi kusema kalizwa.

Mwanafunzi wa usanifu wa ndani anafundishwa kuanzia kwenye "baada ya baada" na kurudi nyuma. Somo la vifaa halimwambii kipi kizuri. Linamwambia kipi kinafyonza maji, kipi kinateleza kikilowa, kipi kinashika moto haraka, kipi kinaliwa na mchwa na kipi kitadumu mwaka wa kumi. Somo la taa linamfundisha kusoma namba iliyoandikwa kwenye boksi la taa, ile kelvini ambayo wengi wetu hatuitazami: 2700 ni mwanga wa njano unaotuliza, 6500 ni mweupe wa kuamsha. Mapazia yamo pia, bila shaka. Lakini hata pazia linaanza na swali la jua linapigia wapi. Chumba kilichotazama magharibi kinachomwa na jua la alasiri hadi jioni, na ukikiwekea ukuta wa kioo kwa ajili ya picha, AC haitazimwa na LUKU itakwisha kama maji ya kunywa. Watu wa pwani walijua mambo haya muda mrefu kabla ya Instagram, wakajenga wakiwaza upepo wa kaskazi na kusi. Chuoni ujuzi huo ni somo. Kwenye darasa la hotelini AC inawaka tangu asubuhi, nani atauwaza upepo?

JIKO LA PICHA NA JIKO LA UGALI

Kuna kitu kingine ambacho staa huyo angekipata chuoni bure, tena mwaka wa kwanza: vipimo vya mwili wa binadamu. Mjerumani Ernst Neufert alitoa kitabu chake cha vipimo mwaka 1936, na mpaka leo wasanifu duniani wanakifungua. Kiti cha kulia chakula kiko karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, meza karibu 75, kaunta ya jikoni kati ya 85 na 90. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji nafasi ya duara lenye upana wa mita 1.5 ili ageuke. Namba hizo hazikutoka hewani, zimetoka kwenye miili ya watu.

Lakini mwanafunzi mzuri haishii kukariri. Anatakiwa aulize: nani atapika hapa, na atapika nini? Kaunta ya sentimita 90 inafaa kukatia matango ya saladi. Sasa weka juu yake jiko la gesi, juu ya jiko weka sufuria ya ugali wa watu wanane, halafu mwambie mama wa wastani asonge. Mikono iko juu ya kifua, nguvu haishuki, mabega yanawaka. Jiko la kukopi Pinterest halijui ugali. Halijui nazi itakuniwa wapi, mchele utapetwa wapi, wala jiko la mkaa litakaa wapi siku gesi imeisha na mvua inanyesha. Kwa kukosa pa kuliweka, litaingizwa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na moshi wa mkaa unaua bila hata kukohoza.

Kabla mwanafunzi hajachora mstari mmoja, anapewa familia ya kuisikiliza. Wako wangapi? Nani mgonjwa? Mtoto anasomea wapi? Wageni wa msiba wakija watakaa wapi? Dada wa kazi analala wapi, na mlango wake una kitasa? Hilo la mwisho ni zito, na hakuna video ya "kabla na baada" iliyowahi kuonyesha chumba cha dada wa kazi.

UKUTA HAUBOMOLEWI KWA VIBE

Halafu kuna hili neno "open kitchen". Kila mtu anataka jiko na sebule viwe kitu kimoja, na mastaa wanaingia na nyundo mbele ya kamera, wanabomoa ukuta huku wanacheza. Swali dogo: ukuta ule ulikuwa umebeba nini?

Kwenye masomo ya ujenzi, mtu wa usanifu wa ndani hafundishwi kuwa mhandisi. Anafundishwa kitu muhimu zaidi kwake, yaani kujua mpaka wake. Anajifunza kutambua ukuta wa kugawa vyumba na ukuta uliobeba uzito, na anajifunza kwamba akiwa na shaka anasimama na kumwita mhandisi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Yaliyosababisha lile ni kazi ya waliolichunguza, si ya kubishania hapa. Lakini tangu siku ile, mkazi yeyote wa Dar akisikia "tunabomoa ukuta huu" anatakiwa aulize nani mwenye taaluma amesema ubomolewe, kabla ya kushika simu kurekodi.

Ndiyo maana fani hii ina shahada. Chuo Kikuu Ardhi, hapa hapa Dar es Salaam, kinaifundisha. Ndiyo maana pia Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ile wengi wanaiita AQRB, inawasajili na wabunifu wa ndani, si wale wanaochora majengo peke yao. Serikali haisajili watu kwa sababu ya mapazia. Inasajili kwa sababu kosa la mtu huyo linaweza kuumiza mtu mwingine.

Na kule chuoni kuna kitu ambacho mastaa wengi wasingekiweza: kukosolewa. Mwanafunzi anakesha wiki nzima na michoro, anaibandika ukutani, anasimama mbele ya walimu, na wanamhoji mpaka jasho linamtoka. Mlango huu ukifunguka unagonga nini? Moto ukiwaka huku, wa huku wanatokea wapi? Umeweka kitambaa cheupe kwenye nyumba yenye watoto watatu, nani anafua? Akishindwa kujibu anarudi kuanza upya. Hawezi kumbloki mwalimu.

NA MAFUNDI WA MTAANI JE?

Utetezi mkubwa wa mashabiki umekuwa huu: "Mbona mafundi wetu hawajasoma na kazi zao ni kali?" Ni kweli. Nenda Keko ukaone. Kuna mafundi seremala pale wanaoijua mninga na mkongo kuliko vitabu vyote, na wanafunzi wa chuo wanapelekwa kwa watu wa namna hiyo kujifunza. Lakini fundi wa Keko ameshika randa miaka mingi, ameharibu mbao na kulipa, ameanza kwa kufagia maranda ya bosi wake. Huo ni usomi, ila hauna joho. Na fundi huyo haingii laivu kusema chuo ni upuuzi, tena wengi wao ndio wanaowasomesha watoto wao chuo. Kumtumia yeye kama ngao ya mtu wa siku tatu ni kumkosea heshima.

Vyuo navyo visikae vikashangilia. Wahitimu wengi wanatoka na michoro ya kompyuta inayometameta lakini hawajui bei ya bodi moja ya jipsamu, hawajui kuongea na mteja wa Tandika mwenye chumba na sebule, na hawajui kujiuza mtandaoni. Wameiacha simu kwa mastaa, halafu wanashangaa wateja wanakwenda kwa mastaa. Mwalimu anayemfundisha kijana kubuni hoteli ya nyota tano na hajawahi kumpa kazi ya chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, naye ana deni.

Ila udhaifu wa chuo haumfanyi asiyesoma kuwa msomi. Daktari mvivu hakufanyi wewe uruhusiwe kupasua watu.

KIINGEREZA KINGI, MAJIBU HAKUNA

Kupamba ni kazi halali. Mtu ana jicho zuri, anajua kupanga mito na maua, ajiite mpambaji, apige hela zake na watu wampigie makofi. Tatizo ni kuvaa jina la taaluma halafu kuitukana taaluma yenyewe. Huo ndio usanii.

Kwa hiyo mteja unayetaka kumpa mtu nyumba yako, acha kuhesabu wafuasi wake. Muulize mambo matano. Mtungi wa gesi utakaa wapi na hewa itapita wapi? Ukuta huu umebeba nini, na nani kakuambia? Sakafu ya bafuni ikilowa inateleza? Mchanganuo wa gharama uko wapi kwa maandishi? Kikiharibika kitu baada ya miezi sita, nakupata wapi? Akijibu, mpe kazi, awe na cheti au asiwe nacho. Akikujibu kwa "vibe", "estetiki" na "niamini mimi", chukua funguo zako uondoke.

Na kwa dada staa: yule binti uliyembloki hakuwa na wivu. Alikuwa anamlinda mteja wako, kitu ambacho ni kazi yako. Mfungulie, mshukuru, halafu mpigie simu mwenye lile jiko leo, siyo kesho, umwambie atoboe kabati lile matundu chini na ahamishe soketi. Ukiweza, mtoe mtungi nje kabisa. Posti na hiyo. Itakuwa klipu yako ya kwanza yenye maana.

Wadau mnasemaje? Umewahi kupambiwa nyumba na staa ikakutokea puani, au mnaona vyuo ndivyo vimelala? Shusha maoni hapo chini, na kabla hujashusha, nenda kaangalie mtungi wako umekaa wapi.