Kamongo hangoji chini ya moramu

Kazi yangu ni kuchimba misingi ya nyumba. Nimechimba Nyamasaria, hapa Kisumu, kuanzia kando ya barabara ya Nairobi hadi kule chini mto unakoelekea ziwani, na udongo wake mweusi naujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua ikinyesha unateleza kama bamia. Wenye ploti hutuita Januari na Februari, kukiwa kumekauka. Ndiyo miezi sururu inapomfikia kamongo.

Tunamkuta amejikunja, mkia umefunika kichwa. Kibarua mgeni huruka nje ya mtaro akidhani ni nyoka. Mwenyeji huteremka na gunia, akijihadhari na mdomo, maana kamongo akikuuma kidole huenda usikione tena. Jioni atakuwa sufuriani. Hilo silipingi, nyama yake ni tamu na nimelelewa nayo. Ninachopinga ni lori linalofuata.

Tukitaja wanyamapori, mawazo hukimbilia Maasai Mara. Hapa mjini watoto wa shule hupangwa foleni kwenda kutazama swala pala katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1992, na ni vizuri waende. Lakini basi lao hupita juu ya mnyama ambaye ukoo wake una umri wa miaka kama milioni 400, na hakuna mwalimu anayelisimamisha.

Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Akishakua hategemei tena matamvua. Lazima apande juu avute hewa, na akinaswa na wavu asiweze kupanda, anakufa maji. Samaki, anakufa maji! Hewa hiyohiyo ndiyo humwezesha kuishi kwenye vidimbwi vichafu vya kinamasi ambamo sato angekata roho. Wale wa ziwani hawana haja ya kujizika. Huyu wa kinamasi kinachokauka huchimba tope lingali laini, akajikunja mdomo ukiwa juu, kisha ute wa mwili wake hukauka ukawa ganda jembamba lenye tundu la kupumulia. Humo hali kitu. Anajila mwenyewe polepole, misuli yake ndiyo akiba yake, akisubiri maji yarudi.

Mwaka 1928 Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo, alifika pande hizi za ziwa kumchunguza. Alichotaka kujua ni swali ambalo fundi yeyote wa choo angeuliza: mkojo wake unakwenda wapi muda wote huo? Jibu ni kwamba haukojolewi. Badala ya kutengeneza amonia, ambayo ingemuua, mwili wake hutengeneza urea na kuilimbikiza hadi mvua. Smith aliwaweka baadhi yao wakaishi hivyo zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 1932 akatoa riwaya aliyoiita Kamongo. Jina letu la sokoni likawa juu ya kitabu huko Marekani, na hapa wengi hatujui.

Sasa turudi kwenye lori. Mwenye ploti akinunua sehemu ya kinamasi, kwanza anamwaga mawe, halafu moramu, halafu inashindiliwa. Kamongo amejiandaa kwa ukame. Moramu iliyoshindiliwa hakuumbiwa. Mvua ikija, maji hayamfikii, na hata yakimfikia hana pa kutokea. Na si yeye aliyejizika tu anayepotea. Dume hulinda kiota chenye mayai na watoto kwenye mashina ya mafunjo. Ukikata mafunjo umeondoa nyumba ya uzazi. Hapo kwenye kinamasi cha Dunga kuna nzohe, mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame topeni, ambaye akiona hatari huingia majini akabakiza pua. Naye bila mafunjo, kwato zile ni mzigo tu. Kongoti amefaulu mjini kwa sababu anakula taka zetu. Sidhani tunataka mji ambao anayeishi vizuri ni kongoti peke yake.

Najua nitaambiwa watu wanahitaji pa kulala. Wanahitaji, na mimi mshahara wangu unatoka hapo. Lakini anayejenga pale ndiye anayekuja kutoa viti nje mwezi wa tano. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likavuka hata kiwango cha 1964, na watu wa kandokando wakahama. Shimo alilokuwa akilala kamongo ndilo lilikuwa linapokea maji ya mto. Tukilijaza, maji yataingia sebuleni, hayana pengine.

Kanuni za kulinda kingo za mito zipo, na zinataja ukanda wa mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto. Tatizo ni kwamba mimi hufika kwenye ploti nikakuta kamba imeshavutwa hadi ukingoni. Ramani ina muhuri, na mwenye ploti ananiambia, "Fundi, wewe chimba." Sina mamlaka ya kumkatalia. Kaunti iwe na mpimaji anayefika kabla ya kibali kutolewa, apige vigingi vya saruji kandokando ya mto wote, kuanzia barabarani hadi ziwani, kabla ya Januari ijayo. Kigingi kikiwepo, hata kibarua wa siku moja ataona jembe linapaswa kuishia wapi.