Eraserheads: lugha ya wanafunzi ilipoingia redioni

Katika vitabu vyetu vya isimu, na zaidi katika maneno ya korido, kuchanganya lugha kunazungumzwa kama ugonjwa unaotafutiwa dawa. Mwanafunzi anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kifaransa anaambiwa kwamba hajui lugha hata moja. Mimi nina maoni mengine. Ili kuyatetea nitawapeleka mbali kidogo, hadi Ufilipino, kwa bendi ya roki iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu kama sisi. Jina lake ni Eraserheads.

Mwaka 1989 vijana wanne walikutana katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, kampasi ya Diliman, mjini Quezon City. Ely Buendia aliimba na kupiga gitaa, Marcus Adoro alipiga gitaa, Buddy Zabala besi, Raymund Marasigan ngoma. Jina la bendi lilitokana na filamu ya Mmarekani David Lynch ya mwaka 1977. Mwanzoni walipiga nyimbo za watu wengine, kama bendi nyingi changa. Hawakung'aa sana katika kuiga, wakaamua kutunga zao. Mwaka 1991 walirekodi kaseti ya majaribio kwa vifaa hafifu, wakaiita Pop-U!, baada ya kuambiwa kwamba muziki wao hauna mvuto wa soko. Miaka miwili baadaye, mwaka 1993, kampuni ya BMG ilitoa albamu yao ya kwanza, Ultraelectromagneticpop!. Zikafuata Circus mwaka 1994 na Cutterpillow mwaka 1995, ambayo ni miongoni mwa albamu zilizouzwa sana katika historia ya muziki wa nchi ile. Mwaka 1997, huko New York, video ya wimbo wao Ang Huling El Bimbo ilipata tuzo ya MTV ya watazamaji wa Asia.

Hiyo ndiyo habari inayojulikana. Swali langu ni la mtu wa lugha: kwa nini hao, na kwa nini wakati ule?

Wengine hujibu kwamba ni sheria. Jibu hilo lina ukweli wake. Utawala wa Marcos ulianguka mwaka 1986, na mwaka 1987 Rais Corazon Aquino alitoa amri namba 255, iliyodai kila kituo cha redio chenye kipindi cha muziki kipige angalau nyimbo nne za Kifilipino kila saa. Mwaka huohuo Katiba mpya ilithibitisha kwamba Kifilipino, lugha iliyojengwa juu ya Kitagalog, ni lugha ya taifa, na Kiingereza kikabaki lugha rasmi pembeni yake. Tena mwaka 1989, mwaka ule ule bendi ilipozaliwa, chuo chao kilipitisha sera ya kukifanya Kifilipino, hatua kwa hatua, kuwa lugha ya kufundishia. Mlango ulikuwa wazi basi. Lakini amri haitungi wimbo. Redio ikishalazimishwa kupiga nyimbo nne kwa saa, bado mtu anaweza kuzima redio. Lazima tueleze kwa nini vijana waliiwasha.

Wengine husema ni uzalendo: vijana walichoka na nyimbo za kigeni, wakaitaka lugha yao. Hapo sikubaliani. Roki kwa Kitagalog haikuanza na Eraserheads; Juan de la Cruz Band walikuwa wakiimba hivyo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Tena Eraserheads wenyewe hawakuwa walinzi wa usafi wa lugha. Kichwa cha albamu yao ya kwanza kinacheza na jina la silaha katika Voltes V, katuni ya Kijapani ambayo watoto wa kizazi chao waliipenda mno kabla serikali ya Marcos haijaipiga marufuku mwaka 1979. Neno moja refu la Kiingereza, linalokumbusha roboti ya Kijapani, juu ya kaseti ya Wafilipino! Mzalendo wa kamusi angepata homa.

Maoni yangu ni haya: walipanda kwa sababu walikuwa na ngazi nzima ya lugha mkononi, na kila wimbo waliuweka katika kidato chake.

Sikilizeni nyimbo tatu. Wa kwanza ni Pare Ko, wa mwaka 1993. Kijana anamlalamikia rafiki yake kuhusu msichana wa chuo aliyemchezea moyo. Kichwa kina maana ya "rafiki yangu", na neno pare lenyewe lina historia nzuri. Linatokana na kumpare, yaani compadre ya Kihispania, jina ambalo baba wa mtoto na baba wa ubatizo huitana. Neno la kanisani likakatwa mkia, likawa neno la vijana wanaokaa pamoja usiku. Wimbo wote uko katika kiwango hicho: Kifilipino cha mtaani, Kiingereza kikiingia pale kinapoingia katika mazungumzo ya kweli, na matusi yaliyoleta kelele hadi likatengenezwa toleo lisilo na matusi. Mtu anayelia mbele ya rafiki yake hasemi lugha ya hotuba. Ungeandikwa kwa lugha safi, wimbo ungekuwa uongo.

Wa pili ni With a Smile, wa mwaka 1994. Huo ni Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, chepesi, bila makosa. Maana yake Kiingereza hakikuwashinda.

Wa tatu ni Ang Huling El Bimbo, wa mwaka 1995. Mtu anamkumbuka msichana aliyemfundisha kucheza dansi walipokuwa watoto. Miaka inapita, anasikia kwamba msichana yule ana mtoto bila mume na anaosha vyombo Ermita, mtaa mmoja wa Manila. Mwishoni anagongwa usiku na kufa. Dansi yenyewe ni ya kigeni: El Bimbo ni jina la muziki uliovuma miaka ya 1970 kutoka kwa kundi la Ufaransa liitwalo Bimbo Jet. Lakini hadithi yote inasimuliwa kwa Kifilipino cha kawaida, bila mbwembwe wala mzaha wa kampasi. Hapo hawachanganyi karibu kabisa, kwa kuwa jambo lenyewe halitaki.

Mikono ni ile ile, na imefanya maamuzi matatu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba anayechanganya anachanganya kwa kukosa. Wapo wanaochanganya kwa kukosa, sikatai. Tunawasikia kila siku. Lakini wapo wanaochanganya kwa kuchagua, na kazi ya kitivo cha lugha ni kujua tofauti ya hao wawili. Kalamu nyekundu peke yake haiioni tofauti hiyo.

Mwaka 1995 Seneta Tito Sotto, ambaye yeye mwenyewe alitoka katika muziki na televisheni, alitaka wimbo wao Alapaap upigwe marufuku, akidai unasifu dawa za kulevya. Bendi ilijibu kwamba wimbo unazungumzia uhuru. Siwahukumu hapa. Ninaona jambo moja tu: wimbo wa wanafunzi ulikuwa umefika mahali ambapo wakubwa wa nchi wanabishana juu ya maana ya maneno yake. Lugha inayobishaniwa hivyo imekwisha kuwa lugha ya jambo zito, hata kama ilianzia kampasini.

Kuna pingamizi moja ambalo ninaliheshimu. Ufilipino una lugha nyingi: Kisebuano, Kiilokano, Kibikol, Kihiligaynon na nyinginezo. Mwongeaji wa Kisebuano anaweza kuuliza: je, ushindi wa mchanganyiko wa Manila si ushindi wa mji mkuu juu yetu sote? Ni kweli kwamba redio na kampuni za kurekodi ziliupa mji ule sauti kubwa kuliko mingine. Lakini tazameni kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa Cebu, bendi kama Missing Filemon, walianza roki kwa lugha yao wenyewe, ikaitwa Bisrock. Hawakusubiri mtu wa Manila awaruhusu. Walichukua somo lile lile: imba jinsi unavyosema, kisha fanya kazi juu yake mpaka iwe na umbo.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulileta nyumbani. Sisi wa Katanga hatuna haja ya kuomba mfano Asia kana kwamba tuko mikono mitupu. Mwenda Jean-Bosco aliimba Kiswahili cha huku huku, na gitaa lake likasikika mbali sana baada ya Hugh Tracey kumrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumbani, na mtaalamu Johannes Fabian akaona kinastahili kuchapishwa na kuchambuliwa kitabu kizima. Kiswahili hicho, pamoja na Kindubile cha vijana, kimesomwa na wageni kwa bidii. Sisi tunaokisema tunakificha tukifika mlangoni mwa ukumbi wa masomo.

Hatari yake si ndogo. Mwanafunzi anayeambiwa miaka mitano kwamba Kiswahili chake si lugha, na Kifaransa chake kina makosa, anamaliza masomo akiwa hathubutu kuandika lolote. Nawajua wenzangu wenye masimulizi mazuri ajabu wanapokaa chini ya mwembe, ambao hawajawahi kuandika hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wetu mambo mawili. La kwanza, wakubali nyimbo na maigizo ya mji kuwa maandiko halali ya kazi za mwisho wa masomo, yachambuliwe kwa ukali ule ule wa tenzi. La pili, wanaposahihisha mchanganyiko wa lugha, wamuulize mwanafunzi kwanza: "Kwa nini hapa umebadili?" Akiwa na jibu, wampe alama za jibu lake. Akikosa, hapo kalamu nyekundu ifanye kazi yake.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msilichukue hili kama ruhusa ya uvivu. Wale wanne wa Diliman waliweza kushuka hadi kwenye matusi ya usiku kwa sababu walijua pia njia ya kupanda. Tujifunze Kiswahili sanifu vizuri, tujifunze Kifaransa vizuri, kisha tuandike kile cha kwetu bila kuomba radhi. Jarida hili lina kurasa.