Dadu za Siri Hazilindi Mchezaji

Wapenzi wa Dungeons & Dragons na michezo mingine ya kuigiza wahusika mezani wana imani moja wanayorithishana bila kuihoji: msimamizi mzuri wa mchezo hudanganya kidogo. Hurusha dadu nyuma ya kibao chake cha kukunja, na akiona matokeo ni mabaya mno kwa mchezaji, hutangaza mengine. Eti hiyo ndiyo huruma. Anayeuliza huambiwa amwamini msimamizi, basi.

Imani hiyo ni potofu, tena inabomoa kile kile inachodai kukilinda.

Kwa asiyewahi kuketi kwenye meza hizo, mambo huwa hivi. Kila mchezaji ana mhusika wake, na uwezo wa mhusika huyo umeandikwa kwenye karatasi. Msimamizi hueleza ulimwengu wa hadithi, huwasemea maadui na wapita njia, na hutoa uamuzi. Pakiwa na shaka, kwa mfano kama upanga umempata mtu au umemkosa, dadu yenye pande 20 ndiyo huamua. Mchezaji hana ramani nzima, wala hajui msaliti ni nani au mlango unaficha nini. Alichonacho ni ahadi kwamba dadu ikianguka, imeanguka kwa wote.

Watetezi wa uongo huu wana vitabu vya kujitetea navyo. Gary Gygax, aliyeubuni mchezo huo pamoja na Dave Arneson na kuutoa mwaka 1974, aliandika katika mwongozo wa wasimamizi wa 1979 kwamba msimamizi ana haki ya kuzipuuza dadu wakati wowote. Mwongozo wa 2014 nao unaruhusu pigo la kuua ligeuzwe kuwa pigo la kawaida, kisha unamwonya msimamizi asizidishe, na wachezaji wasijue. Onyo hilo linatosha kuiumbua hoja nzima. Kama kweli ni wema, kwa nini anayetendewa afichwe?

Tazama pambano moja la kawaida kwa kanuni za 2014. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana alama 8 za uhai. Zimwi dogo linamvamia na upanga, dadu inaonyesha 20. Hapo dadu za madhara huongezwa maradufu, na jumla yaweza kufika 14. Msimamizi anaingiwa na huruma, anasema, "Limekukosa." Lakini kanuni hazikuwa zimemuua huyo mchawi! Angeanguka na kuzimia, kisha kila zamu yake ikifika angerusha dadu: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, hali yake inatulia. Shari tatu, anakufa. Katika zamu hizo mwenzake mmoja angeacha kupigana akimbilie na dawa, mwingine angejitia kati yake na zimwi. Huruma ilikuwa imeshaandikwa ndani ya kanuni, na waliopaswa kuitoa ni marafiki zake. Msimamizi amewapokonya nafasi hiyo, na hawatajua kamwe kwamba waliwahi kuwa nayo.

Watajibu kwamba hadithi nzuri haifai kuharibiwa na bahati mbaya. Hadithi ya nani? Kama mwisho umeshapangwa na mtu mmoja, wengine wamealikwa kusikiliza huku wakiaminishwa kuwa wanacheza. Na wachezaji si vipofu. Wanamwona msimamizi anavyositasita juu ya dadu, na maadui wanavyokosa shabaha ghafla kila mhusika anapokaribia kufa. Wakishagundua, hasara inarudi nyuma hadi mwanzo. Lile joka walilolishinda kwa jasho, walilishinda wao au liliamriwa life? Msimamizi hata akiapa, neno lake ndilo lenye shaka.

Inasahaulika pia kwamba kiti cha msimamizi kilianza kama kiti cha mwamuzi. Mchezo wa vita ambao Georg von Reisswitz aliutoa Prussia mwaka 1824 ulikuwa na mwamuzi aliyejua vikosi vya pande zote mbili na kuficha visivyoonekana. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipunguza sana kanuni na kumwachia mwamuzi aamue kwa uzoefu wake, lakini alifanya hivyo waziwazi: maofisa waliocheza walijua wanaamuliwa na mtu, si na dadu. Kuficha siri ya hadithi ni kazi halali ya msimamizi. Kughushi matokeo ni jambo jingine kabisa.

Michezo ya karne hii imeonyesha kwamba uongo huo hauhitajiki. Katika Apocalypse World ya mwaka 2010, msimamizi harushi dadu hata moja; wanarusha wachezaji. Katika Blades in the Dark, anatakiwa kusema hatari ni kubwa kiasi gani kabla dadu haijarushwa, na mchezaji anaweza kubadili nia. Dread, mchezo wa kutisha wa mwaka 2005, umezitupa dadu na kutumia mnara wa mbao wa Jenga, mchezo wenye jina la Kiswahili uliobuniwa na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki. Mchezaji anachomoa kipande kwa mkono wake, na mnara ukianguka mhusika wake ametoka. Kila jicho mezani limeona.

Na huruma bado ina mahali pake. Kadi ya X ya John Stavropoulos huwekwa katikati ya meza. Anayeumizwa na jambo lililoingia kwenye hadithi huigusa, na jambo hilo huondolewa bila yeye kudaiwa maelezo. Mchezo unageuzwa, ila unageuzwa mbele ya wote. Msimamizi anayehofia matokeo ya dadu anaweza kuacha kuirusha. Kama imeshaanguka, aseme kwa sauti, "Hili nataka tulibadilishe, mnakubali?" Wapo watakaokataa, wakitaka mhusika wao afe kama dadu ilivyosema. Hao nao waulizwe.