Kura: Wa Mwisho Haonewi

Kuna jambo linalonikera na leo nitalisema. Kila panapopigwa kura, watu husukumana wawe wa kwanza kutia mkono mfukoni. Ati wa mwisho huachiwa makombo! Mimi nasema si kweli, na ushahidi uko barazani.

Pita Kibokoni au Kuze jioni, utawakuta watu wakicheza dhumna. Kete ni 28, na 7 kati yake zina pande mbili sawa, tuseme pacha. Hulazwa kifudifudi zikavurugwa, na kete ikishaokotwa hairudi. Uwezekano wa kete ya kwanza kuwa pacha ni 7/28, yaani robo. Ya pili je? Ikiwa ya kwanza ilikuwa pacha, zimebaki 6 katika 27. Ikiwa siyo, zimebaki 7 katika 27. Hebu tupige hesabu: 1/4 × 6/27 + 3/4 × 7/27 = 27/108. Lo! Ni robo ile ile.

Sasa tutoke barazani twende kwa mama zetu wanaocheza mchezo wa pesa. Wako 12, vikaratasi 12, na kila mwezi mmoja hupokea mchango wa wote. Kila mmoja anaitaka namba 1, maana Januari ni mwezi wa karo. Mama wa mwisho ataipata iwapo wenzake 11 wameikosa: 11/12 × 10/11 × 9/10, hivyo hivyo hadi 1/2. Namba hukatana, hubaki 1/12. Wa kwanza naye ana 1/12. Basi wagombania nini?

Kinachozua maneno ni kufungua mapema. Wa kwanza akikunjua na kuonyesha namba 1, walio nyuma hununa, wakadhani wameonewa kwa kuchelewa. Dawa ni rahisi: kila mtu achukue chake, afumbe mkono, kisha wote wafungue pamoja.

Dhuluma, mwenzangu, haiko kwenye foleni. Iko kwenye kikaratasi kilichokunjwa kwa alama, mfuko usiotikiswa, au namba iliyosahauliwa kuandikwa. Hapo ndipo pa kukodoa macho. Hata sisi hapa shuleni, nafasi za safari zikiwa chache, tusigombee kutangulia. Tudai vikaratasi vihesabiwe mbele yetu sote, mfuko utikiswe, kisha hata ukiniita wa mwisho nitakuja bila kinyongo.